Macho Yangu Ni Mazima

Kama umewahi kukaa kwenye benchi la kliniki ya macho tangu saa moja asubuhi, ukaitwa karibu na adhuhuri, ukapimwa, ukaambiwa macho yako hayana kasoro, kisha ukatoka nje ukashindwa kuzitambua ndala zako mwenyewe pale mlangoni, basi haya nimekuandikia wewe. Yamenikuta mie pia. Nilidhani niko peke yangu duniani, na kwa muda mrefu ni kweli nilikuwa peke yangu, maana sikumjua mtu mwingine wa kumwuliza.

Jina langu Bakari. Ni fundi baiskeli. Naishi Mabawa, hapa Tanga, na kazi yangu naifanyia Ngamiani, kwenye kibaraza cha duka moja la vyombo, mwaka wa ishirini na sita sasa. Mji wetu huu watu wake wanapanda baiskeli, kwa hiyo sikuwahi kukosa kazi. Zamani niliweza kuiona baiskeli inakuja kwa mbali nikajua rimu ya nyuma imepinda, nikamwambia mwenyewe kabla hajashuka. Watu walicheka, wakasema fundi ana macho ya mwewe. Nami nilijisikia.

Ilikuwa kaskazi, yale majira ya joto ambayo ukikaa kivulini jasho linakutoka vilevile. Niliamka kisogo kinauma. Nikameza vidonge viwili vya maumivu, nikaenda kazini. Kabla ya adhuhuri akaja mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mteja wangu wa siku nyingi, na baiskeli yake. Nilikuwa nimeinama natafuta kiraka. Nikahisi kama mtu amenisukuma kwa ndani nyuma ya kichwa, kidogo tu, bila maumivu. Nikainua uso.

Mbele yangu kulikuwa na maduara mawili. Kulikuwa na vyuma vyembamba vinavyong'aa, vingi, vinatoka katikati kwenda pembeni. Kulikuwa na kitu cheusi kimekaa juu, na chuma kimepinda kwa mbele. Niliviona vyote, wala havikuwa na ukungu. Ungenipa kalamu ningekuchorea. Lakini sikujua ni nini.

"Fundi, breki ya mbele haishiki," mwalimu akasema.

"Breki ya nini?" nikamwuliza.

Akacheka, akidhani namtania. Nikanyoosha mkono, nikagusa tairi, na palepale nikajua: baiskeli. Mkono ulijua. Nikapapasa nikakuta spoku, nikakuta cheni, nikakuta pedali, kila kitu na jina lake. Lakini nikitazama tena, macho hayakukubaliana na mkono. Nikamtazama mwalimu ili nimwambie, nikaona masharubu, nikaona pua, nikaona meno. Havikuungana vikawa mtu ninayemjua. Sauti yake tu ndiyo iliyobaki kuwa ya mwalimu.

Breki ile niliitengeneza. Nilitia mkono kwenye boksi la vifaa nikaitoa spana ninayoitaka, namba kumi, huku nimetazama ukutani kwa sababu macho yalinichanganya. Mwalimu akapanda akaenda zake. Mie nikafunga boksi, nikaacha baiskeli yangu palepale, nikatembea kwa miguu hadi Mabawa. Niliogopa kitu nisichokijua kingenijia barabarani, nami nisijue kama ni gari au ng'ombe.

Mke wangu, Mwanaidi, alikuwa uani anafua. Nilimjua kwa sababu aliniwahi kwa sauti: "Baba Zuhura, mbona mapema?"

"Macho yana tatizo," nikamwambia.

"Huoni?"

"Naona."

Akaiacha nguo beseni, akauliza, "Sasa tatizo nini?" Swali hilo niliulizwa na kila mtu mwaka mzima.

Kesho yake tukaenda hospitali, kitengo cha macho. Pale wanakuonyesha ubao wenye alama zenye vidole vitatu, wewe unasema vidole vinaelekea wapi. Nilisema yote, juu, chini, kulia, kushoto, mpaka zile ndogo kabisa za mwisho. Mpimaji, kijana mpole, akanisifu.

"Mzee, una macho kuliko mimi."

"Lakini sijui ninachokiona," nikasema.

Akanyanyua kitu mkononi. "Hiki nini?"

"Ni kirefu. Ni cha bluu. Kina ncha upande mmoja."

"Sasa si kalamu hiyo?"

Aliposema kalamu nikaamini. Akaandika kitu kwenye daftari langu, akatuambia turudi baada ya wiki mbili kama hali haijabadilika. Siku ileile, tulipokaa tena kwenye benchi kumsubiri daktari mkuu, Mwanaidi alikwenda kutafuta maji. Nikabaki peke yangu katikati ya watu ambao wote walikuwa na pua na midomo. Pembeni yangu alikaa mama mmoja, sauti yake ya Kibondei kabisa, anatokea Muheza. Akaniwekea kitu kiganjani.

"Kula, kaka yangu, tangu asubuhi hujatia kitu mdomoni."

Nikakitazama. Cha mviringo, kijani kinachoelekea manjano, ngozi ina vitundu vidogo vidogo. Nikakigeuza. Akaona sijui nifanye nini, akadhani mikono yangu haina nguvu, akakichukua akaanza kumenya. Harufu ikanipiga puani: chungwa. Nilibubujikwa na machozi pale kwenye benchi, mtu mzima, kwa sababu ya chungwa. Yule mama hakuniuliza chochote. Akanipa pande moja baada ya jingine mpaka likaisha. Simjui jina, na hata nikikutana naye leo nitampita. Lakini mchana ule aliufupisha.

Wiki mbili zikapita na hali haikubadilika. Ndugu zangu wakasema ni jini. Tukaenda kwa shehe, akanisomea, akaniandikia kombe kwa zafarani kwenye sahani, likaoshwa kwa maji nikanywa. Nilipata utulivu wa moyo, sikatai. Kisha shehe mwenyewe akamwambia Mwanaidi, "Mama, dua tunaendelea nayo, lakini huyu mpelekeni akapigwe picha ya kichwa." Mungu amlipe. Wengine wangenishikilia.

Picha tulikwenda kupigwa Dar es Salaam. Daktari wa kule akanionyesha mahali kwenye ile picha, mie nikaona weusi na weupe tu. Akasema nimepata kiharusi, kidogo, nyuma ya kichwa, kwa sababu ya presha ambayo sikujua ninayo. Nikamwuliza mbona mikono na miguu ni mizima, mbona mdomo haukupinda. Akasema kiharusi kinachagua pa kupiga. "Macho yako yanapeleka habari vizuri," akasema. "Zinafika. Ila pale zinapotakiwa kupewa maana pameumia." Ugonjwa wenyewe una jina refu la kigeni, sikulishika. Nikauliza kama nitapona. Akasema, "Tutaangalia." Nikapewa vidonge vya presha, kimoja asubuhi, kimoja jioni, na kadi ya kliniki ya kila mwezi.

Kama nimewahi kukuonea wivu, wewe uliyevunjika mguu, nisamehe. Mguu uliovunjika watu wanauona. Mie nilikuwa natembea, nakula, naongea, mwili mzima. Mtu aliyepofuka anashikwa mkono avushwe barabara. Mie nilipokuwa nasitasita pembeni ya barabara watu walinipigia honi.

Halafu yakaja mambo ya salamu. Unajua kwetu salamu ilivyo. Nilimpita baba yangu mdogo njiani, macho kwa macho, bila shikamoo. Nilimpita imamu. Wiki ya tatu nikasikia maneno yanarudi nyumbani: fundi siku hizi ana kiburi, fundi hasalimii. Basi nikaamua kumwamkia kila nitakayekutana naye. Nikawa nasema "shikamoo" kulia na kushoto. Watoto wa shule wakagundua, wakawa wananingojea kwenye kona.

"Marahaba, mjukuu wangu!" wanajibu, kisha wanakimbia wanacheka.

Siku moja nikamwamkia mzee mmoja mnene kidogo aliyesimama mlangoni pa duka la nguo. Hakujibu. Nikarudia, "Shikamoo, mzee wangu." Hakujibu. Nikamsogelea, naye akanisogelea. Kilikuwa kioo.

Sikumwambia mtu habari ya kioo. Hata Mwanaidi ataisikia hapa kwa mara ya kwanza.

Haya nayaandika kwa mkono wangu mwenyewe, na hilo pia ni ajabu nyingine. Mkono haujasahau herufi hata moja. Lakini nikimaliza mstari siwezi kuusoma, naona wino umejikunjakunja tu. Binti yetu, Zuhura, ana miaka ishirini na mbili na anafanya kazi kwenye duka la fotokopi. Akirudi jioni ananisomea, nami namwambia hapa futa, hapa ongeza. Tulipofika kwenye habari ya kioo aliacha kusoma, nikasikia anapenga kamasi. Nikamwambia endelea.

Mambo ya ndani ya nyumba ndiyo yaliyotuumiza zaidi. Nilijifutia uso kwa nguo nikidhani ni taulo, kumbe ni gauni la Zuhura la kwendea harusini. Nilikaa juu ya meza. Mwanaidi alivumilia, akawa ananitajia kila kitu: hiki kikombe, hiki kijiko, huyu kuku. Alichoka, nami nilichoka kutajiwa. Wakati mwingine nilimkaripia, "Usinifanye mtoto." Akiacha kunitajia, nikavunja kitu, namkaripia tena.

Karibu na mwanzo wa masika, dada yake Mwanaidi alikuja na mumewe kuniangalia. Anaitwa Fatuma, yeye na Mwanaidi wamefuatana kuzaliwa, wanatokea Mkwaja kule kusini ya Pangani. Sauti zao, ukiwa chumbani nao wako uani, huwezi kuzitofautisha. Mwanaidi alihangaika tangu asubuhi, akapika wali wa nazi, na mchuzi wa samaki aina ya changu wa kuwaheshimu wageni. Tukakaa mkekani. Mbele yangu kulikuwa na mabakuli mawili yaliyofanana, na kila mtu anamsubiri mwenye nyumba aanze. Nikasema bismillahi, nikatia mikono yangu yote miwili ndani ya bakuli la mchuzi, nikaanza kunawa.

Nilijua kwa sababu ya moto wake, na kwa sababu kidole changu kiligusa kichwa cha samaki. Lakini wakati huo nilikuwa nimeshasugua mpaka kwenye vifundo.

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ingekuwa nafuu. Shemeji yangu mwanamume akakohoa. Fatuma akasema taratibu, "Si kitu, shemeji, si kitu." Mwanaidi akaliinua bakuli, akalipeleka jikoni, na hakurudi mpaka wageni walipoaga.

Majirani nao walikuwa na yao. Wapo waliomwambia Mwanaidi kuwa najifanya. Kwamba mtu anayeweza kufunga nati ya baiskeli hawezi kushindwa kumjua mkewe. Kwamba nina mwingine, natafuta sababu. Mwanaidi hakuniambia wakati ule, aliyaweka moyoni. Na siku moja akataka kuhakikisha.

Nilikuwa natoka kuswali alasiri. Mvua ilikuwa imekatika, njia ina madimbwi. Nikafika kwangu, nikaona barazani kumekaa mwanamke kwenye kiti. Kanga yake sikuwahi kuiona, aliiazima. Bangili alizivua. Marashi hakujipaka. Na hakusema neno.

"Karibu mama," nikamwambia. "Umepewa maji? Mwenyeji wako yuko ndani, ngoja nikuitie."

Nikapita mlangoni, nikaita, "Mama Zuhura! Mama Zuhura, una mgeni!"

Niliita mara mbili. Mara ya pili nikasikia nyuma yangu, pale barazani, mtu anavuta pumzi kama aliyemwagiwa maji ya baridi.

"Miaka ishirini na tatu, Bakari," akasema. Jina langu hakuwa amelitumia tangu tumpate Zuhura. "Ishirini na tatu. Nimekaa mbele yako nakutazama usoni."

Nilijaribu kumweleza. Lakini utamweleza nini mtu aliyekaa mbele yako akakuona unamkaribisha kama mgeni nyumbani kwake? Asubuhi ya pili akafunga nguo zake kwenye begi. Akasema anakwenda kwao kupumzika. Hakusema siku ngapi.

Masika yote alikaa kule. Mvua ya Tanga ikianza kunyesha inanyesha, nawe usiyekuwa na kazi unabaki kusikiliza mabati. Zuhura akienda kazini mie nilibaki na vitu. Sijui nikuelezeje. Nyumba yako mwenyewe imejaa vitu visivyokujua. Nilikuwa nazunguka nagusa kimoja kimoja, kama mtu anayesalimia watu msibani: wewe birika, wewe kabati, wewe pasi. Nikiondoa mkono kinarudi kuwa kitu. Mlango ukigongwa nauliza, "Nani?" Mtu akisema jina lake moyo unatulia. Siku nyingine nilisikia hatua, nikauliza "Nani?", kumbe ni matone yanadondokea ndoo.

Kliniki ya mwezi wa nne wakanipeleka kwa mama mmoja wa mazoezi, Mshambaa kutoka Lushoto, anaitwa Neema. Alikuwa wa kwanza kutoniuliza tatizo nini. Aliweka foronya mezani, ndani yake ametia vitu, akaniambia nitie mkono.

"Kitana," nikasema. "Ufunguo. Kitunguu. Kijiko."

Akavimwaga mezani. "Sasa tazama, usiguse."

Nikatazama. Sikuvijua hata kimoja.

"Vizuri," akasema.

"Vizuri kwa lipi?"

"Kwa kuwa umenionyesha mlango upi umefungwa na upi uko wazi. Tutatumia ulio wazi. Wewe unakaa unayauliza macho kila siku, nayo hayana jibu, halafu unayakasirikia. Uliza mkono. Uliza pua. Uliza sikio."

Nilikwenda kwake kila Jumanne mpaka mvua zikaisha. Alinifundisha kitu kiwe na mahali pake na kisihamishwe. Chupa ya dawa ivishwe mpira. Bakuli la kunawa liwe la plastiki, la mchuzi liwe la udongo, na nigonge kwa ukucha kabla ya kutia mkono. Kwa watu, niwaambie mwenyewe mapema: "Naumwa, sitambui sura, nitajie jina." Hilo la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote. Mwanamume mzima unasimama sokoni unatangaza upungufu wako. Mara ya kwanza nilimwambia muuza dagaa, akanijibu, "Pole fundi, mie Shabani wa bondeni," basi, akanipimia dagaa. Nilirudi nyumbani nimechoka kama niliyebeba gunia. Wiki iliyofuata nikafungua tena kibaraza changu Ngamiani. Si wateja wote waliorudi.

Wakati wa kipupwe, upepo umeshakuwa wa baridi, Zuhura aliniambia, "Baba, mama hatarudi kwa kupigiwa simu."

"Nitafikaje Mkwaja mie?"

"Kwa kuuliza."

Akataka kunisindikiza, nikakataa. Nilitaka Mwanaidi aone nimekwenda mwenyewe. Nikapanda basi la Pangani kwa kufuata sauti ya utingo. Pangani nikashuka nikawauliza watu kivuko kiko wapi, nikapelekwa. Nilijua niko juu yake sakafu ilipoanza kutetemeka na moshi wa dizeli ukanijia. Pale katikati ya mto nikayapanga maneno yangu, nikayarudia mpaka ng'ambo. Kule nikampata mtu wa bodaboda, nikamtajia jina la baba mkwe wangu, akasema anapajua.

Uani pale kulikuwa na watu. Niliona rangi za kanga, niliona mikono inafanya kazi. Nikapiga hodi.

"Karibu," ikajibu sauti mkekani. Sauti ya Mwanaidi. "Pita ukae."

Nikakaa ukingoni mwa mkeka. Nikaona nisipoyasema sasa sitayasema.

"Usiseme kitu kwanza," nikamwambia. "Niache nimalize."

"Lakini—"

"Niache nimalize, nakuomba. Siku ile barazani sikukutambua. Ni kweli. Wala sitakudanganya kwamba haitatokea tena. Itatokea. Itatokea kesho. Lakini usidhani nimekusahau. Najua una kovu la moto chini ya kiwiko cha kushoto. Najua ukikasirika unaosha vyombo visafi. Najua unavyovuta pumzi kabla hujaniambia jambo baya. Vyote ninavyo, hakuna kilichopotea. Kilichokatika ni njia ya kutoka machoni kwangu mpaka hapo ulipo. Nakaa nyumbani mvua inanyesha, nauliza 'nani?' na hakuna mtu. Kama ni kutokutambua, basi heri nisikutambue ukiwa ndani ya nyumba kuliko nisikutambue ukiwa huku."

Mwanamke yule akawa analia. Nikanyoosha mkono nikaushika mkono wake, na mkono ukaniambia hapohapo. Vidole vilikuwa vinene, na pete haikuwepo. Hakuwa yeye.

"Umemaliza, baba Zuhura?" sauti ileile ikatoka nyuma yangu, mlangoni pa jiko.

Sikuweza kugeuka.

"Astaghfirullah," nikasema.

"Mwachie dada yangu mkono wake," Mwanaidi akasema. "Kisha geuka huku, uyaseme tena. Maana naona umemwambia Fatuma yote."

Fatuma ndiye aliyeanza kucheka, katikati ya machozi, cheko la kukwama kooni. Akashindwa kulizuia. Wakafuata wengine mule uani ambao sikujua ni akina nani. Mwishowe nikamsikia na Mwanaidi. Nilikuwa sijasikia kicheko chake tangu kaskazi. Nikageukia kilikotoka, nikaanza upya, na maneno yote niliyoyapanga mtoni yakanikimbia. Nikasema kwa vipande vipande. Akaniwekea chai, akasema wali haujaiva, nisubiri.

Siku ya nne tukarudi pamoja. Hakuniahidi chochote, wala mie sikumwomba aahidi.

Sasa ni vuli. Vidonge nameza, presha imeshuka, kliniki naenda mara moja kwa miezi mitatu. Sura hazijarudi na Neema ameniambia nisizingoje. Wewe uliyepatwa kama mie, sitakudanganya kwamba upweke unaisha. Unakaa katikati ya watu wako kama mtu aliyekaa ukumbini kwa mtu asiyemjua, kila unayemwona ni wa heshima tu. Lakini watu wakishajua, wapo wanaokusaidia. Mtaani kwetu sasa wananipita wakijitaja: "Mie Asha, fundi," "Mie Shabani." Wapo pia waliochoka kujitaja, nao wananipita kimya, nami sijui kama wamepita. Mwambie mkeo au mumeo mapema. Usimwache ajaribu mwenyewe kukuhakikisha.

Na kuna jambo moja ambalo daktari hakuniambia, nimeligundua mwenyewe mwezi huu.

Juzi baada ya alasiri Mwanaidi alikuwa barazani anachagua mchele, anasimulia habari za harusi ya jirani. Nilikuwa nimekaa mkabala naye. Nilimtazama, nikaona macho mawili na mdomo unaocheza, na nikawa mpweke kama kawaida. Nikafumba macho kwa kuchoka tu. Akaendelea kuongea. Na palepale, kwenye giza lile, sura yake ikaja, nzima, paji la uso, chunusi ya zamani pembeni ya pua, jicho la kulia linalofinyika akitaka kucheka. Mwanaidi mwenyewe. Nikafumbua, akaondoka, akabaki yule mwanamke. Nikafumba tena, akarudi.

Ni sura ya mwaka jana, kabla ya haya yote. Zuhura anasema mama amekonda tangu wakati huo, ameota mvi mbele. Mie hizo sitaziona. Sura niliyobaki nayo haitakonda wala haitaota mvi, na yeye atazeeka peke yake mbele yangu.

Nikasikia mchele umeacha kucheza kwenye ungo.

"Baba Zuhura, naongea umelala?"

"La," nikamwambia, macho bado nimeyafumba. "Nakutazama."

Kisha nikasikia mchele unaanza tena kucheza kwenye ungo, na yeye akaendelea na habari za harusi, taratibu zaidi kuliko mwanzo.